Faili la Mzee Omollo

Kwanza niungame: mafaili ya wateja nayapa majina ya nguo. Watu hupanda ngazi mpaka ofisini kwangu hapa katikati ya jiji, hunisomea mambo yao nikayachapa, kisha huondoka bila hata kusema wanaitwa nani. Sasa ningeandika nini? Shati la Madoadoa. Bi Kilemba Kijani. Mafaili elfu tisa kwenye kompyuta moja, na mimi Zena nayajua yote. Nilidhani nayajua.

Jumamosi, saa sita mchana, akaingia msichana anahema. Akasema ni Awiti, wa Kileleshwa, binti ya marehemu Mzee Omollo.

"Auntie, miaka tatu imepita, baba alikuja hapa ukamchapia historia ya familia. Copy yetu ilipotea tukihama. Please, naitaka saa hii!"

"Alikuwa amevaa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyemwona mwendawazimu. Kisha akaeleza. Saa tisa watu wa mchumba wake, ukoo wa Kano, walikuwa wanafika Loresho kwa Mzee Ogutu, mdogo wake Omollo, kuleta posa. Asubuhi hiyo Ogutu ameapa hapokei mtu. Anasema mama yao, yeye na Omollo, alitoka Kano, na kwa Wajaluo huolewi na watu wa nyanya yako. Wengine waliomjua bibi huyo wote wameshazikwa. Limebaki neno la Omollo tu, nalo limo kwenye kompyuta yangu.

Bahati yake, wiki iliyopita nilikuwa nimeweka programu ya kutafuta inayosoma ndani ya mafaili, si majina ya juu peke yake. Nilikuwa na hamu ya kuijaribu! Nikakunja mikono ya buibui.

"Nyanya aliitwa nani?"

"Abich."

Abich: sufuri. Nikaandika Omollo, yakaja mafaili mia mbili na kumi, maana kila fundi na kila karani mjini humu ni Omollo. Nikaipiga meza kofi. Programu gani hii ya kuniaibisha mbele ya mteja? Awiti alishaanza kulengwalengwa na machozi, mara akashika kichwa.

"Ngoja! Baba hangeita mama yake kwa jina! Mwanamke akiolewa kwetu anaitwa kwa kwao. Nyar mahali fulani, yaani binti wa huko. Andika nyar!"

Nikaandika. Mafaili kumi na moja. La sita liliitwa Koti la Mvua.

"Huyo ni baba!" akapiga kelele. "Hata jua likiwaka alikuwa analivaa!"

Nikamwambia tulia kwanza tulisome mpaka mwisho. Nani wa kutulia? Alikuwa ameshampigia baba yake mdogo, simu iko kwenye spika, anamsomea kwa sauti.

"'Mama yangu alikuwa nyar Seme.' Uncle, umeskia? Seme! Si Kano!"

Tukakumbatiana tukarukaruka, mimi na miaka yangu hamsini na miwili. Majirani wakagonga ukuta, nikawaambia wagonge tu. Awiti akaendelea kusoma mbiombio, hata hapumui.

"'Mama alifariki wakati Ogutu ana miezi miwili. Aliyemlea ni mke wa pili wa baba, nyar Kano, na sisi tukaapa kwamba hatutamwambia kamwe...'"

Hapo sauti ikamkatika. Kwenye simu nilisikia tu vyombo vikipangwa huko Loresho. Nilimwonea huruma yule mzee kuliko nilivyowahi kumhurumia mteja yeyote.

"Uncle, pole. Sikuwa najua. Singesoma hivyo."

"Soma tena," akasema Mzee Ogutu.

Akasoma tena, safari hii polepole. Mzee akakohoa.

"Aliyenibeba mgongoni ni nyar Kano. Huyo ndiye mama yangu, karatasi iseme itakavyo. Hao wanaokuja leo ni wajomba zangu mimi, Awiti. Kwako wewe ni wakwe. Waambie wasichelewe."