Mkono wa Tuda

...basi umebaki mkono tu, uso nimemaliza, gauni nimemaliza, mpaka kuku walio miguuni pake nimewapaka buluu, lakini mkono wa Tuda ulikuwa mkubwa kiasi gani, mama gani husahau mkono wa mwanawe, huyu ninayemnyonyesha ananipapasa shingo, natazama vidole vyake, hapana, si hivi, Tuda alishafika miaka mitatu homa ilipomchukua, na brashi inanidondoshea rangi pajani... "Usiharakishe, Lalla Itto," anasema mgeni wetu, Si Driss, kutoka uani, "gari la kupeleka picha Rabat litasubiri," mtu mwema, anapuliza chai yake polepole ili nisijione nimemchelewesha, ndiye aliyenipeleka kwenye maonyesho ya picha, mimi niliyeanza kwa nili ya kufulia na hina kwenye ukuta huu huu, nikiwa na mimba ya Tuda, sikufundishwa, ukuta ulikuwa mweupe na mimi nilikuwa na hofu, na mama mkwe akafoka, "Wenzio wanapika, wewe unachafua nyumba!" na kila mwaka kabla ya Ramadhani akafuta vyote kwa chokaa, na Tuda akachovya kiganja kwenye nili, akakibandika ukutani pale chini, akacheka, mwaka ule ule tukamzika, chokaa ikapita, sikumwambia mama mkwe neno, lakini tangu hapo wasichana wangu wote wa pichani huficha mikono mgongoni, Rabat wanasema ndio mtindo wangu, wanapiga makofi, na mimi kila alfajiri nasikia vidole vikikwaruza ukutani, kwaru, kwaru, nitoe, mama... "We Bibi Rangi, nipishe, mgeni anywe chai tupu?" mama mkwe anasukuma kasha la unga, anainama kuokota sinia lililoangukia nyuma, na hapo nauona, mkono wa buluu, vidole vitano, chokaa imeuzunguka mwaka juu ya mwaka hata umelala ndani kama yai kwenye kiota... "Mama mkwe," nasema, "hukuufuta?" Hanitazami. "Hukuuliza," anasema, "nikaweka kasha, usikuumize macho," na ukucha wake, bila yeye kujua, unakwangua chokaa iliyoingia kwenye kidole gumba, kwaru, kwaru, ah, kumbe ni yeye, kila alfajiri akisogeza kasha kuchota unga, alikuwa anamsafisha mjukuu wake... brashi bado inadondosha, Si Driss bado anapuliza chai, msichana wa pichani bado hana mkono, na aende hivyo hivyo Rabat, mkono una mwenyewe, unabaki hapa na bibi yake.