Kifuniko cha Kioo

Makubaliano yalikuwa mepesi kusema: maharage yakiiva kwa jua kabla baba Kifaranga hajarudi kazini, jiko la mkaa halitaingia tena chumbani. Yasipoiva, mama mkwe ataliwasha palepale miguuni pa kitanda, na nisimletee tena habari za sanduku langu la kupikia kwa jua.

Kifaranga ni mwanangu. Mvua zilituingiza ndani pamoja na jiko. Zikaisha, jiko likabaki, maana upepo wa nje, alisema mama mkwe, unakula mkaa. Kifua cha mtoto kikaanza kulia kama bawaba kavu. Daktari alituonya kwamba moshi ukiendelea tutamrudisha akiwa hoi.

Ndipo nikatengeneza sanduku tulilofundishwa kwenye darasa la jioni: ndani karatasi ya kung'aa na sufuria iliyopakwa masizi, juu kioo cha dirisha kuukuu. Mama mkwe alilizunguka, akauliza kama ni jiko au jeneza la sufuria.

"Ila usifunue, mama," nilimwomba. "Ukifunua, joto lote linatoka."

Akacheka. Alikuwa amepikia harusi na misiba, na hajawahi kupika kitu bila kukionja.

Jua lilikuwa kali. Kivuli kikisogea, nami naligeuza sanduku. Kioo kilipotoka jasho kwa ndani, nikapata moyo, nikaingia kumwogesha mtoto.

Nilipotoka, kioo kilikuwa kikavu. Pembeni palikuwa na alama ya kidole. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele niliokwisha kuuchambua.

Jua lilishavuka paa, na nguo za jirani zilikuwa zinatupa kivuli kwenye sanduku. Nilimwomba jirani azisogeze. Akasema bado mbichi. Kisha akamsikia Kifaranga akikohoa, akazianua zikichuruzika.

Jasho lilikuwa ndiyo kwanza linarudi kwenye kioo geti lilipogongwa. Baba Kifaranga akaingia na vumbi la saruji kichwani, akauliza chakula. Mama yake akatazama jiko la mkaa, akatazama sanduku. Mtoto akashikwa na kikohozi mgongoni mwangu, kirefu, mpaka sote tukawa tunangoja avute pumzi.

Akavuta.

Mume wangu akainama afunue aone. Kofi la mama yake likamkuta mkono ukiwa bado hewani.

"Toa mkono. Mimi nilishafunua, nilitaka kuonja chumvi. Joto la mkeo nimelimwaga mimi, kwa hiyo tutangoja."

Akaburuta kigoda hadi mbele ya sanduku, akaketi, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Tulikula jua likiwa limebaki ukutani tu. Maharage yalikuwa laini, hayana chumvi kabisa. Mume wangu alitafuna kimya kama mgeni mwenye adabu. Jiko la mkaa lilikuwa uani, baridi, na hakuna aliyelifuata.

"Kesho chumvi natia mimi," mama mkwe akasema, akimfuta Kifaranga mdomo. "Kabla hujafunika."