Chini ya Msasa

...umebaki mkono tu, yule mama wa ukutani nimeshampiga msasa uso, gauni, hata mtoto aliyembeba, bado mkono uliomshika mtoto mgongoni, nao niukwaruze nimalize, maana rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta mpaka uikwaruze, hilo hata kibarua wa jana analijua, "Dada, huko juu umelala?" ni msimamizi, amesimama kwenye mabenchi ya wagonjwa, nakuja bosi, naja wapi na mimi niko juu ya ngazi, anasema saa nane wanataka ukumbi mweupe, weupe mtupu, eti picha zinachosha macho ya wagonjwa, yangu hazikuyachosha, nilikaa benchi lile la pili kila Jumanne nikiwa na miaka kumi, mama yangu ndani akichomwa sindano, na hapa juu mchoraji wa picha hii, mwanamke, suruali ya kiume imejaa madoa, brashi nyuma ya sikio, mkono mmoja unachora na mwingine umeshika mkate mkavu, akaniona nimekodoa macho akasema, "Usihangaike na uso, uso unajua kudanganya, angalia mikono," basi, siku hiyo nikawa nimepata mtu wa kuwa, nikafika nyumbani nikachomeka penseli nyuma ya sikio, nikala mkate bila chai, mama akacheka mpaka akakohoa, akakohoa sana... na niliamini mkono wa yule mwanamke haukosei, ningeamini nini tena, kila Jumanne nikija nilikuta kipande kipya kimekamilika, hakina doa, hakina mashaka, halafu nikamchora mama, nina miaka kumi na tisa, ugonjwa umerudi, yuko kitandani na mikono juu ya shuka, mama mdogo akachungulia begani kwangu, "Mbona dada yangu umempa miguu ya kuku?" akacheka, hana ubaya mama mdogo, mdomo wake tu hauna breki, lakini nilitamani ardhi ipasuke, nikasema kipaji mtu huzaliwa nacho na mimi sikuzaliwa nacho, nikaikunja ile karatasi, na mama akasema polepole, "Rudia, mwanangu, mimi nipo, siendi popote," wiki tatu alikuwepo, wiki tatu mikono iko pale pale juu ya shuka na mimi napita na beseni kama sikusikia... majuto ni mjukuu, mimi hata mtoto sina lakini mjukuu huyo ananijua vizuri, "Dada, rangi inakauka kwenye ndoo," nimesikia, napiga msasa, si unaona, vumbi la kahawia, vumbi jekundu kidogo, halafu jeupe, nyeupe imetoka wapi katikati ya mkono, napuliza, nakwaruza taratibu, chini ya nyeupe kuna kidole, kidole kingine kabisa, kimekaa vibaya, kinene kama karoti, chini yake nyeupe tena, halafu kiganja kimepinda, hata mama mdogo angekionea huruma, halafu nyeupe, nafuata matabaka kwa ukucha, tatu, nne... tano, mara tano mkono huu ulimshinda, mara tano aliufunika kwa nyeupe akaanza upya, siku ambazo hazikuwa Jumanne, na hasira inanipanda mpaka ngazi inatikisika, kwa nini hakuniambia, angesema tu, mtoto, jana huu mkono umenitoa machozi, ingemgharimu nini, miaka tisa nabeba ndoo kwa sababu ya mtu asiyekosea na mtu huyo hakuwahi kuwepo, aliyekuwepo ni huyu wa vidole vya karoti, na huyu ningemweza, huyu hata mimi ningemweza, "Sasa wewe dada, tutamaliza kweli leo?" tutamaliza, naweka msasa mfukoni, nachovya rola, nyeupe inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, ni nyeupe hii hii aliyokuwa nayo yeye, ila yake ilipokauka alichora juu yake, yangu imekauka miaka tisa, na ile mikono niliyoambiwa niirudie iko chini ya udongo, "Nakuja, bosi," nasema, na rola bado haijagusa ukuta.