Chookola

Neno lile alilitunga Ante Skarica mwenyewe, kwenye baa ya Ghuba ya Tolmer, miezi mitano nyuma. Binti yake Tamsin, mhandisi wa maji, alikuwa amelipelekea baraza la mji pendekezo: maji taka yasafishwe mpaka yashinde ya mvua kwa usafi, yarudishwe ardhini, kisha yanywewe. Ante akainua bilauri yake ya bia. "Mwanangu anatupikia Chookola," akasema, "kola ya chooni." Baa nzima ilicheka mpaka mbwa wa mlangoni akabweka. Kufika Jumapili, hata mchungaji alikuwa akilitamka.

Hakujua wakati ule kwamba pendekezo lile likikataliwa, njia iliyobaki ni mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, wala kwamba bomba la kutema maji ya chumvi kali lingepita katikati ya kamba anazofugia kome ghubani. Kome wachanga hawaistahimili chumvi ile. Kazi ya baba yake na yake ingebaki kamba tupu zinazoning'inia majini.

Sasa, Jumamosi mchana, watu wa mji walikuwa wamejaa ukumbini mwa klabu ya kriketi kupiga kura ya mikono. Nje uwanja umekuwa vumbi. Mwaka wa tatu huu wa ukame watu wanaoga juu ya ndoo, na maji yanayobaki humo wanaupelekea mlimau.

Tamsin aliweka jagi mezani. "Maji yenyewe haya. Anayetaka aje anywe."

Hakuna aliyesogeza kiti. Ante akainuka.

"Baba, si lazima," Tamsin alinong'ona.

"Mimina."

Akanywa yote kwa pumzi moja, akaifudikiza bilauri. "Ni maji tu, jamani. Chura aliwahi kuozea ndani ya tangi la nyumbani kwangu na tukanywa. Haya hayana hata harufu. Nawaomba. Ule mtambo ukija, kome wangu wamekwisha."

Kwa kitambo akadhani amewapata. Kisha Kev Doolan, fundi magari aliyekua naye, akauliza kutoka nyuma, "Ante bwana, umetambua ladha ya nani?"

"Na mimi Chookola moja," mwingine akadakia, "tia barafu."

Ukumbi ukapasuka. Hakikuwa kicheko cha chuki, na hapo ndipo kilipomchoma. Kilikuwa kilekile cha baa, cha watu wanaompenda, wanaomrudishia mali yake.

Meya Glenys Tuckwell akahesabu mikono. Iliyoutaka mtambo ilikuwa msitu. Ya Tamsin haikujaza safu mbili. Kev aliushusha wake taratibu.

"Usinichukie, Ante. Nitawaambiaje watoto wanywe kitu chenye jina lile?"

Watu wakatoka kwenda kula soseji. Glenys akalichukua jagi, likiwa bado na robo tatu, akalimwaga kwenye sinki. Katika mji ule, mtu akimwaga maji safi hivyo jirani hugonga ukuta kumkemea. Waliokuwa wamebaki ukumbini walisikia, na hakuna aliyegonga. Ante alisimama akiyasikiliza yakigugumia shimoni mpaka yakakatika.

Tamsin alikuwa akikunja karatasi zake.

"Lile jina," alisema bila kumtazama, "siku ile hata mimi nilicheka, Baba."