Mstari Ulionyooka

Vumbi la mawe lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Jua la asubuhi likipenya dirishani, karakana nzima iligeuka wingu, na fundi waliyemwita Mstari akaelea ndani yake kama mtu aliyesahau kuamka. Mashine ya kukatia ilikuwa na mpira wa maji wa kulaza vumbi. Yeye aliufunga. Maji yalifuta alama ya penseli, na kukata kwake kulikonyooka ndiko kulikompa jina.

"Fungua maji, kaka," alisema msimamizi, mama mmoja asiye na masihara. "Unakata jiwe au unafuka moshi?"

"Dada, kifua ni changu."

Jioni alirudi nyumbani mweupe kama aliyelala kwenye unga. Mkewe alimvua shati mlangoni, akalikung'uta, na wingu lile lile likaingia ndani taratibu, likatua juu ya vikombe, juu ya kope zake. Akacheka. "Umeniletea mawingu tena, baba watoto."

Kisha kikaja kikohozi. Kikavu, miezi mitano, hakisikii dawa.

Daktari aliinua picha ya mapafu kwenye mwanga. Madoa meupe yalielea humo, mengi, kimya.

"Mama, unafanya kazi ya mawe?"

"Mimi? Mimi nafua tu."

"Nguo za nani?"

Mke aliinamia ncha ya kanga yake, akaikunja. Hakumtazama mumewe aliyekaa kando yake, na kule kutotazamwa kukamchoma fundi kuliko tusi.

"Haya hayafutiki," daktari alimwambia fundi. "Lakini vumbi lisimfikie tena. Hata chembe."

Kesho yake Mstari alifungua maji. Jiwe likalowa, likaingia giza, alama ikayeyuka, msumeno ukatembea kama kipofu.

"Jamani, Mstari kapinda!" wenzake walipiga kelele. "Leo umekunywa nini, mzee?"

Mmoja akanyoosha mkono kwenye bomba. "Nifunge kidogo tu, uokoe jina lako."

"Thubutu!" Fundi aliusukuma ule mkono, macho yamemwiva. Akamgeukia msimamizi. "Dada, nipe kabati. Nguo hizi hazitoki hapa tena. Na nitaoga kabla ya kwenda nyumbani."

"Na jiwe hili? Limeenda upande vidole viwili."

"Nimeliona."

Akaweka jiwe lingine, akachora, akayatazama maji yakila penseli yake, akakata.