Kengele ya Saa Kumi Yapimwa

Bwana Yesaya Mzumara, mkuu wa Shule ya Bweni ya Kanyerere, alikuwa ameoga maji ya baridi kila alfajiri tangu alipokuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo, wala hakuona sababu ya mtu mwingine kusalimika. Aliporudi kuiongoza, jambo la kwanza alilofanya ni kuifufua kengele ya saa kumi: wavulana waamke, waoge, wasome kabla ukungu haujaondoka milimani. Wavulana walinung'unika, wazazi walilalamika, walimu walipiga miayo. Ndipo Bwana Mzumara, ambaye hakupata kuvunja neno lake, akatamka mbele ya shule nzima: "Mlifanya mtihani kabla ya kengele, mtafanya mwingine baada yake. Kipimo kisipothibitisha kwamba inasaidia, nitaifungua kamba kwa mikono yangu."

Kazi ya kupima alikabidhiwa Lusungu Msiska, mwalimu wa hesabu, ambaye dirisha lake lilitazamana na kengele yenyewe.

Siku ya jibu, walimu walikusanyika kwenye chai. Bwana Kumwenda, naibu wa mkuu, alikuwa na andazi mkononi.

"Haya, dada, usituue kwa kihoro. Tunalala au hatulali?"

"Hatulali," alijibu Lusungu, kama mtu anayejisomea hukumu. "Nilianza kwa kudhani kengele haisaidii lolote. Alama zimeikataa dhana hiyo katakata. Karibu kila mvulana amepanda alama mbili tatu. Bahati peke yake haina nidhamu hiyo."

Bwana Mzumara aliinyoosha tai yake ya wahitimu wa Kanyerere. "Kengele ile ndiyo iliyonilea mimi."

"Ila kuna kitu kinanitatiza, Bwana Mkuu. Ulinipa alama bila majina, safu mbili. Hakuna hata mmoja aliyempita mwenzake. Wa kwanza kabaki wa kwanza, wa mkia kabaki mkiani. Wavulana gani hawa wenye heshima hivi?"

"Nilizipanga mwenyewe," alisema Bwana Mzumara kwa fahari. "Hapa Kanyerere matokeo hupangwa kutoka kichwa hadi mkia, tangu enzi zetu. Na majina niliyaondoa ili pasiwe na upendeleo."

"Mtihani wa kwanza ukaupanga kivyake, na wa pili kivyake?"

"Sasa ningepanga vipi, mwanangu?"

Andazi la Bwana Kumwenda lilizama ndani ya chai.

"Bwana Mkuu," alisema Lusungu taratibu, "umefunga kiatu cha huyu na kiatu cha yule, ukaniambia ni jozi. Mtoto hulinganishwa na yeye mwenyewe. Sisi tumemlinganisha wa kumi wa juzi na wa kumi wa leo, watu wawili ambao pengine hawasalimiani. Ndiyo maana kila kitu kimenyooka mno."

Bwana Mzumara alijua kwamba neno moja lingetosha. Angesema "Hesabu imefungwa," na kengele ingelia hadi siku ya kustaafu kwake. Lakini katika Kanyerere aliyoijua, mvulana aliyenakili alichapwa hata kama jibu lilikuwa sahihi. Tena hasa lilipokuwa sahihi.

"Leteni karatasi zenye majina," alisema. "Nitasoma mimi. Mwalimu Msiska ataandika."

Akasoma kwa sauti isiyotetereka. Chawanangwa, fahari ya darasa, alikuwa ameporomoka alama tisa, maana alisinzia juu ya swali la tatu. Wongani, golikipa asiyejua kitabu hufunguliwa upande gani, alikuwa amepanda kumi na nne.

"Wastani wa kupanda ni ule ule wa alama mbili tatu," Lusungu alisema alipomaliza kukokotoa. "Lakini tazama, mmoja kapanda mlima, mwenzake katumbukia shimoni. Mtawanyiko huu hata bahati inaweza kuuleta."

"Kwa hiyo kengele haisaidii."

"Sikusema hivyo. Nasema haikuthibitika kwamba inasaidia."

"Mwalimu, usinibembeleze."

"Sikubembelezi, Bwana Mkuu. Ningekubembeleza, ningenyamaza tangu mwanzo."

"Na usingizi wako je?" alichokoza Bwana Kumwenda.

"Usingizi wangu haukuwemo kwenye hesabu, kaka."

Asubuhi iliyofuata Bwana Mzumara alisimama mbele ya shule. "Nilipanga alama vibaya," alisema. "Kosa ni langu, si la Mwalimu Msiska. Kengele haikuthibitika." Akaipandia ngazi, tai ikipepea, akafungua fundo la kamba ya kengele alilolifunga mwenyewe, na fundo hilo lilimtoa jasho. Shangwe zilizofuata ziliwatimua kunguru wote juu ya paa.

"Kimya! Maji ya baridi yanaendelea. Hayo hayakupimwa."

Shangwe zikakatika kama uzi. Kisha, kutoka nyuma kabisa, ikasikika sauti ya Wongani: "Basi yapimwe, Bwana Mkuu!"

Bwana Mzumara alimtazama Lusungu. Lusungu alikuwa akitazama viatu vyake, mabega yakimtikisika.

"Yatapimwa," alisema mkuu. "Muhula huu ya baridi, ujao ya moto, kila mtu na nafsi yake, na jina lake likae mahali pake." Akashuka ngazi, akaikung'uta tai. "Na kuni mtapasua wenyewe."