Nyumba Mbili Ziko Benki

Magreth alikuwa na gesti Mikumi, kando ya barabara kuu, na hati ya gesti hiyo ilikuwa benki. Hati ya nyumba yao ya Magomeni, mjini Kilosa, nayo ilikuwa benki hiyohiyo. Mkopo wa kwanza, kwa dhamana ya nyumba ya Magomeni, ulijenga gesti. Wa pili, kwa dhamana ya gesti yenyewe, uliongeza vyumba vya nyuma, wageni wa mbugani walipoanza kumiminika, kabla hawajapungua tena. Marejesho hakuwahi kuyakosa. Alichokosa ni pumzi. Kampuni za utalii zilimletea wageni leo na kumlipa mwezi ujao, pengine na ule unaofuata, na dukani hakuna anayepima mchele kwa ahadi.

Dereva mmoja wa watalii ndiye aliyemweleza habari za kadi ya mkopo. Unanunua kwa kadi, unalipa baadaye, na ukilipa ndani ya muda riba haikugusi. Magreth aliliwaza jambo hilo wiki nzima, kisha akapanda basi kwenda Kilosa. Ilikuwa siku ya gulio katika kijiji cha Ulaya, njiani, basi likakaa pale muda mrefu likipakia magunia na kuku. Alifika benki miguu imevimba.

Mumewe, Ditram, alikuwa akimsubiri kwenye benchi la nje, maana benki ilitaka wafike wote wawili. Ditram alifundisha hesabu sekondari, akiishi Magomeni na mama yake mzazi. Magreth aliishi kule gesti. Ilikuwa hivyo tangu mkopo wa pili: mmoja alinde wageni, mwingine alinde mshahara. Walionana Jumapili, na si kila Jumapili.

"Umekula, baba Deo?"

"Nitakula jioni."

Afisa mikopo aliitwa Loveth, binti wa rika la watoto wao. Aliwaamkia, wakamwitikia marahaba, akaangalia kompyuta yake kwa muda mrefu kuliko Magreth alivyopenda.

"Mama, nikwambie ukweli. Kuwa na mkopo wa nyumba hakumzuii mtu kupata kadi. Wapo wateja wangu wana mkopo na kadi wanayo. Na historia yako nzuri, hujachelewa hata mara moja."

"Sasa?"

"Sasa tunaangalia kinachobaki. Marejesho ya gesti yanameza mapato ya gesti. Ya Magomeni yanameza mshahara wa mwalimu. Mtu wa hivyo nikimwombea kadi, wakubwa wataniuliza atailipa na nini."

"Hakuna njia nyingine?"

"Zipo. Unaweza kuweka akiba yako hapa, tukaifungia, ikawa dhamana ya kadi."

"Mwanangu, ningekuwa na akiba ningekuja kuomba kadi?"

Loveth alitabasamu kidogo, kwa aibu. "Basi ni kusubiri mkopo mmoja uishe. Bado miaka minne."

Magreth akageuka amuulize mumewe anaonaje. Ditram alikuwa amelala. Alikuwa ameegemea kiti, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Kola ya shati ilikuwa imeachana na shingo kama shati la kuazima. Mkono wa shati ulikuwa na vumbi la chaki, na kucha zilikuwa na tope la shamba la mpunga alikopita alfajiri kabla ya kwenda darasani.

Magreth akanyoosha mkono amwamshe.

"Mwache tu, mama," Loveth alisema kwa sauti ya chini.

Akamwacha. Alimtazama akijiuliza amekonda lini. Jumapili walizoonana walizungumza marejesho, bati linalovuja, ada ya Deo chuoni. Hakukumbuka mara ya mwisho kumtazama tu.

"Nyumba moja ikiuzwa," aliuliza polepole, "mkopo wake ukafungwa?"

"Tutaangalia upya, mama. Hapo naweza kukutetea."

Walipotoka walikwenda kwa mama lishe karibu na stendi. Magreth alingoja mumewe ale nusu sahani ya wali maharage ndipo akasema.

"Tuuze Magomeni."

Ditram akaweka kijiko chini. "Nyumba ya baba?"

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba ile aliijenga chumba kwa chumba.

"Tukiuza gesti tutabaki na mshahara uliokwisha katwa. Gesti angalau inaingiza. Mama ahamie Mikumi, na wewe uombe uhamisho. Mimi nimechoka, baba Deo. Na wewe umelala mbele ya mtoto wa watu."

Ditram alichora mezani kwa kidole.

"Nilidhani ni wewe peke yako uliyechoka," alisema mwishowe. "Nikawa najikaza kwa ajili yako."

"Na mimi vilevile."

Kumwambia mama mkwe ndiko kulikuwa kugumu. Bibi Verdiana aliwasikiliza hadi mwisho, mikono imefumbatwa.

"Mlipoiweka rehani mliniambia ni karatasi tu."

"Ndiyo, mama," alisema Ditram.

"Kumbe karatasi inakula nyumba."

Hakulia. Aliomba achukue kinu chake na picha ya marehemu, basi.

Mnunuzi alikuwa Hussein, mkulima wa miwa kutoka Ruaha. Pesa ilipitia benki, benki ikachukua chake, kilichobaki kikaishia kwenye paa la gesti. Bibi Verdiana alipewa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Magreth alimwamkia kila asubuhi. Naye alijibu marahaba, asiongeze neno. Ditram alipanga chumba Kilosa hadi muhula ulipoisha ndipo uhamisho ukatoka.

Loveth alipiga simu wakati wa masika.

"Mama, kadi yako imekubaliwa. Kiwango si kikubwa, lakini ukiitunza vizuri kitapanda."

Magreth alimshukuru, akaketi ngazini. Alikuwa amedhani atafurahi. Alijisikia kama mtu aliyetua ndoo moja huku nyingine bado iko kichwani. Siku ya kwanza kuitumia, kwenye duka la jumla, mashine iligoma kwa sababu ya mtandao, na watu wa nyuma yake wakaanza kuguna. Mara ya pili ikakubali. Akabeba mchele, mafuta na sabuni, akarudi. Deni lilikuwa lake bado, ila wageni wa wiki hiyo wangekula.

Jumamosi moja jua lilichomoza baada ya mvua ya siku nyingi, na mashuka ya vyumba vyote yalikuwa yanasubiri. Ditram alikunja suruali, akashika ncha moja ya shuka, Magreth akashika nyingine, wakaanza kukamua. Ditram alizungusha upande uleule aliozungusha mkewe, maji hayakutoka.

"Zungusha kwako kinyume!"

"Si ndivyo ninavyofanya?"

Bibi Verdiana alikuwa mlangoni akiwatazama. Alishuka ngazi taratibu, akamsogeza mwanawe pembeni kwa kiwiko.

"Lete hapa," alimwambia mkwewe. "Huyu hata utotoni hakujua."

Wakakamua, wao wawili, na maji yakatiririka hadi miguuni mwao.